Gari la Kikundi Linapochemka: Tujue Jinsi Injini Inavyojipoza



Vikundi vingi tunavyovitembelea siku hizi vina injini ya aina fulani. Kimoja kina pikapu ya kubeba viazi na maziwa, kingine kina matatu, na kingine kina kinu cha kusaga unga kinachoendeshwa kwa dizeli. Mara nyingi injini hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote katika daftari la kikundi. Imenunuliwa kwa hisa za kila juma, kwa mkopo, pengine na kwa harambee. Lakini ukiwauliza wanakamati ni kitu gani kinachoizuia isiungue, watakwambia, "Hiyo ni kazi ya dereva." Nawe ukimwuliza dereva, atasema, "Mimi huongeza maji tu."

Jambo hili linatutia wasiwasi. Injini ikichemka mara moja, ikaendeshwa hivyo hivyo kwa dakika chache, inaweza kumaliza akiba ya miaka. Katika makala haya hatutaki kuwafanya ninyi mafundi. Tunataka kila mwanachama aelewe kinachotendeka ndani ya chuma kile, ili aweze kuuliza swali la maana kabla pesa hazijatolewa.

Moto ndani ya sufuria

Tuanze jikoni. Sufuria nyingi tunazopikia ni za alumini. Alumini huyeyuka ikifika nyuzi 660 za sentigredi, na moto wa kuni unaweza kuifikisha huko. Mbona basi sufuria haiyeyuki kila siku? Ni kwa sababu ndani yake mna maji. Maji yanachukua joto la moto na kuondoka nalo kwa njia ya mvuke. Maji yakikauka, akina mama wanajua yanayofuata: sufuria inaungua, inapinda, na ikiachwa inatoboka.

Injini ni hivyo hivyo. Ndani ya silinda, petroli au dizeli inapowaka, hewa ile hupata joto la nyuzi zaidi ya 2,000 kwa kitambo kidogo sana, na jambo hilo hurudiwa mara nyingi kila sekunde. Pistoni za magari mengi ni za alumini, na kichwa cha injini, yaani silinda hedi, pia ni cha alumini katika magari mengi ya siku hizi. Kama joto lile lingebaki pale pale, injini ingeharibika kabla ya kufika sokoni.

Kwa makadirio, nguvu iliyomo ndani ya mafuta hugawanyika mara tatu. Fungu moja husukuma gari. Fungu la pili hutoka na moshi. Fungu la tatu, karibu thuluthi moja, ni joto linaloingia katika vyuma vya injini, na hilo lazima litolewe nje. Ndiyo kazi ya maji, rejeta, feni na vijitu vingine vidogo tutakavyovieleza.

Safari ya maji

Chuma cha injini si kizima. Kuzunguka kila silinda kuna mifereji ambamo maji hupita. Pampu ya maji, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda, huyasukuma maji katika mifereji hiyo. Maji hupokea joto, hupanda hadi kwenye silinda hedi, kisha hutoka kwa mpira mnene na kuingia katika rejeta.

Rejeta ni vijibomba vingi vyembamba vilivyoshikana na mabati laini kama karatasi. Kazi ya mabati hayo ni kuyatandaza maji mbele ya upepo, jinsi wewe unavyomimina uji katika sahani pana ili upoe upesi. Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabarani unatosha. Likipanda mlima polepole na mzigo, au likisimama katika msongamano, upepo hautoshi. Hapo ndipo feni inapofanya kazi. Maji yakishapoa hurudi kwenye injini kwa mpira mwingine, na safari inaanza tena. Ni maji yale yale yanayozunguka. Kama kila kitu ni kizima, hayapungui.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Gari la Carl Benz wa Ujerumani, la mwaka 1886, lilipozwa kwa maji yaliyochemka na kutoka kama mvuke tu. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alisafiri kwa gari la aina hiyo pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na njiani walilazimika kutafuta maji mara kwa mara. Ilipofika mwaka 1901, gari la Mercedes lililoundwa na Wilhelm Maybach lilikuwa na rejeta ya maelfu ya vijibomba mfano wa sega la nyuki, na maji machache yalitosha kwa safari ndefu. Kwa hiyo ukiona dereva wa kikundi anaongeza maji kila asubuhi, ujue gari lenu limerudi zamani za Bertha. Kuna mahali maji yanapotokea, na lazima patafutwe.

Themostati, bawabu wa injini

Hapa tunafika kwenye jambo linalokosewa sana. Watu wengi hufikiri kwamba injini ikiwa baridi zaidi, ndivyo inavyofurahi. Si kweli. Injini inataka joto la kadiri, kwa kawaida maji yake yawe kati ya nyuzi 80 na 100 hivi. Chini ya hapo petroli haigeuki mvuke vizuri. Matone yake huosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni zinakula chuma. Unyevu unaotokana na moto nao hujikusanya ndani ya oili na kuifanya tope. Gari hunywa mafuta mengi na injini huzeeka kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo kumewekwa bawabu mlangoni, naye ni themostati. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani. Ndani yake mna kikombe cha shaba kilichojazwa nta. Asubuhi injini ikiwa baridi, nta ni ngumu na mlango umefungwa. Maji huzunguka ndani ya injini tu, hayapiti kwenye rejeta, na hivyo injini hupata joto haraka. Maji yakifika nyuzi 82, au 88, kulingana na namba iliyopigwa juu yake, nta huanza kuyeyuka na kuvimba. Ikivimba inasukuma sindano, na sindano inafungua mlango. Maji ya moto yanakwenda kwenye rejeta. Maji yaliyopoa yakirudi, nta inanywea kidogo, springi inaurudisha mlango. Mkipanda mlima mlango unafunguka zaidi; mkiteremka unajifunga kiasi. Siku nzima bawabu huyu hupima na kupimua bila kuagizwa na mtu.

Sasa, kuna mafundi wanaosema, "Themostati ni ya nchi za baridi, hapa Kenya tuitoe." Wanaitoa na kuitupa. Ndugu, msikubali. Kwanza, asubuhi za Kinangop, Limuru na Molo si za joto. Pili, katika injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia ile njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo gari linakuwa baridi sana kwenye mteremko, na kwenye mlima na mzigo linachemka. Mlitoa kitu kwa kuogopa joto, mkajiongezea joto.

Kama mnashuku themostati imekufa, ipimeni. Itoeni, ifungeni kwa uzi, mwitumbukize katika sufuria ya maji isiguse chini, kisha mchemshe. Ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka, na kujifunga ikipoa, ni nzima. Isipofunguka nunueni nyingine yenye namba ile ile. Kabla ya kuitupa, lakini, someni sehemu inayofuata, kwa maana sufuria ya Timboroa si sawa na ya Mombasa.

Kifuniko cha rejeta na milima yetu

Akina mama wa Timboroa wanajua kwamba maharagwe huchukua muda mrefu kuiva kule kuliko pwani. Sababu ni hewa. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji huchemka kabla hayajapata moto mkali. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi huchemka kwa nyuzi 94 au 95. Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 91 hivi. Ndiyo sababu themostati ya nyuzi 88 ikipimwa huko katika sufuria inaweza kufunguka kidogo tu. Msiihukumu kwa hilo.

Fikiria sasa injini inayotaka kufanya kazi kwa nyuzi 90 au 95, katika mahali ambapo maji huchemka kwa nyuzi 91. Ingekuwa inachemka kila siku. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Hicho si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kina springi na mpira unaobana mvuke ndani, na maji yaliyobanwa hayachemki upesi. Kifuniko chenye alama ya 0.9 hufanya maji yasichemke hadi nyuzi 119 hivi pale pwani, na zaidi ya nyuzi 110 hata kule Timboroa. Ni kama akina mama wanavyoweka jiwe juu ya kifuniko cha sufuria ya githeri.

Basi kifuniko kikilegea, au mpira wake ukipasuka, au mtu akakipoteza na kuziba kwa kitambaa na karatasi ya nailoni, gari litachemka mlimani hata kama rejeta ni mpya. Tumeona vikundi vikibadilisha rejeta na pampu, kumbe tatizo lilikuwa kifuniko ambacho bei yake ni ndogo kuliko zote. Anzeni na hicho.

Usifungue kifuniko cha moto

Tunaomba mlisome hili kwa sauti mkutanoni. Maji yaliyo ndani ya rejeta ya moto yanaweza kuwa na nyuzi zaidi ya 100, na bado ni maji kwa sababu yamebanwa. Ukifungua kifuniko, kile kilichoyabana kimeondoka. Papo hapo mengi hugeuka mvuke na kuruka juu kwa nguvu, usoni, kifuani na mikononi. Kijana anaweza kupoteza macho kwa haraka ya dakika kumi.

Gari likianza kupanda joto njiani, fanyeni hivi:

1. Zimeni eyakondishana kama iko. Kama gari lina hita, ifungulieni yote. Abiria watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo, inatoa joto la injini.
2. Sindano ikizidi kupanda, au taa nyekundu ikiwaka, tokeni barabarani mahali salama, zimeni injini, mweke pembetatu za tahadhari.
3. Kaeni mbali na feni. Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.
4. Ngojeni nusu saa au zaidi. Bonyezeni mpira wa juu kwa kitambaa. Ukiwa bado mgumu na wa moto, ngojeni.
5. Ukishakuwa laini na wa kushikika, funikeni kifuniko kwa nguo nzito, mkizungushe kidogo hadi kituo cha kwanza, mvuke utoke, halafu ndipo mkifungue.
6. Washeni injini, mwongeze maji kidogo kidogo. Msimwage maji baridi ya mtoni kwa wingi juu ya chuma cha moto. Chuma kinaweza kupasuka.

Kuna hila moja ya kuijua. Kile kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa, kinabaki katika hewa, na sindano inaweza kuteremka kana kwamba mambo yametulia. Dereva anafurahi, kumbe injini inakauka. Sindano ikishuka ghafla baada ya kupanda sana, simameni.

Kwa nini dakika chache zinatosha

Alumini ikipata moto huvimba karibu mara mbili kuliko chuma cha kawaida. Silinda hedi ya alumini imefungwa kwa boliti juu ya bloku ya chuma. Joto likizidi, hedi inataka kutanuka, boliti zinaikataza, nayo inapinda. Gasketi iliyo katikati inaungua. Baada ya hapo maji yanaingia kwenye oili na moto unaingia kwenye maji.

Dalili zake ni hizi: maji yanapungua bila kuvuja popote, rejeta inatoa mapovu injini ikiwaka, moshi mweupe unatoka kwa wingi hata injini ikiwa imepata moto, na mkitoa kijiti cha kupimia oili, oili ina rangi ya chai ya maziwa. Mkiona oili ya namna hiyo, msiendeshe hata kwenda kwa fundi. Gari livutwe.

Kuna kikundi tunachokifahamu kilichokuwa na pikapu ya kubeba mboga. Dereva aliona sindano imepanda wakiwa wanaupanda mteremko wa Bonde la Ufa kutoka Mai Mahiu. Alitaka kusimama, lakini wenye mzigo walimwambia, "Twende tu, soko litafungwa." Walifika sokoni, wakauza. Faida ya mboga za siku ile haikutosha hata kununua gasketi, na hedi nayo ilikuwa imepinda. Pikapu ililala miezi kadhaa, na marejesho ya mkopo yaliendelea kudaiwa kila mwezi. Wanachama walimlaumu dereva. Sisi tuliuliza swali lingine: ni nani katika kikundi aliyempa dereva ruhusa ya kusimama?

Maji gani yatiwe?

Maji ya kisima na ya mto katika sehemu nyingi yana chumvi na chokaa. Yakipata moto huacha ukoko mweupe, ule ule mnaouona ndani ya birika. Ukoko ukiziba vijibomba vya rejeta, joto halitoki. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa kwa mabati safi na kuchujwa. Afadhali zaidi ni kulanti, ile dawa ya rangi inayouzwa madukani, ikichanganywa na maji jinsi chupa inavyoagiza. Huzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka.

Lakini tahadhari: kulanti nyingi ni tamu, na ni sumu kwa figo. Mtoto, mbwa au ng'ombe akiinywa anaweza kufa. Msiiweke katika chupa ya soda, wala msiimwage uani. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Kwa upande wa nje, osheni mabati ya rejeta kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Matope, nzige, makapi ya mahindi na majani ya miwa huziba njia ya upepo.

Vinu vya unga na pikipiki

Injini nyingine za vinu hazina pampu wala rejeta. Zina pipa la maji kando. Maji ya moto ni mepesi, hupanda yenyewe na kuingia juu ya pipa; ya baridi ni mazito, hurudi chini. Sharti moja ni kwamba maji ya pipa yawe juu ya mdomo wa bomba la juu. Yakipungua chini ya hapo mzunguko unakatika, ingawa pipa linaonekana limejaa nusu. Pikipiki nyingi za bodaboda hazitumii maji. Hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya chuma. Mapezi yakijaa matope, ni sawa na rejeta iliyozibwa.

Kazi ya kamati

Tunapendekeza kila kikundi kifanye mambo manne. Daftari la gari liwe na safu ya maji: yameongezwa lini, na kiasi gani. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, maji, oili na mkanda viangaliwe na mtu mwenye jina. Fedha kidogo zitengwe kila mwezi kwa mipira, mkanda, themostati na kifuniko. Na katika sheria za kikundi iandikwe kwamba dereva akiona joto limepanda atasimama, na hakuna mwanachama, hata mwenyekiti, mwenye haki ya kumwambia "twende tu."

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, gari au kinu chetu kina themostati? Kama ilitolewa, nani aliamua, na kwa sababu gani?
2. Kwa mwezi uliopita tuliongeza maji mara ngapi? Yalikwenda wapi?
3. Dereva wetu akisimama njiani leo kwa sababu ya joto, mzigo ukachelewa, tutamshukuru au tutamkata mshahara?